Nani anatenda? Maswali ya wasomaji kuhusu -ing na -ed katika Kiingereza cha tasnifu

Barua za safari hii karibu zote zinagusa jambo moja: vishazi vya patisipo, yaani vile visehemu vya sentensi ya Kiingereza vinavyoanza na kitenzi chenye -ing, chenye -ed au chenye having, kisha vikaegemea sentensi kuu. Tumezijibu kwa pamoja. Ndefu tumezipunguza.

Msimamizi wangu amezungushia wino mwekundu sentensi mbili za sura ya tatu, akaandika pembeni kwamba vishazi vinaning'inia. Ya kwanza: "Using a structured questionnaire, data were collected from 120 farmers." Ya pili: "After analysing the data, it was found that most farmers had no access to credit." Mbona makala za majarida ninazosoma zimejaa sentensi za namna hiyo? Nimfuate nani?
*Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma*

Ya pili irekebishe bila ubishi. Ya kwanza unaweza kuitetea, ingawa kuirekebisha ni kazi ya nusu dakika.

Patisipo ya Kiingereza haina kiima chake. Inakiazima kutoka sentensi kuu, na inaazima kilicho karibu bila kuuliza kama kinafaa. Anayekalia kiti cha kiima baada ya mkato ndiye anayebebeshwa kitendo. Kwa hiyo katika sentensi yako ya kwanza, zilizotumia hojaji ni data zenyewe. Katika ya pili, aliyechambua data ni "it", ambayo hapo si mtu wala kitu.

Kosa hili Mswahili hulibeba kutoka nyumbani. "Kwa kutumia hojaji, data zilikusanywa kutoka kwa wakulima 120" ni Kiswahili safi. Msomaji anajua mtumiaji ni mtafiti na hasumbuki. Ukiivisha sentensi hiyo nguo za Kiingereza, kila neno linakaa mahali pake, ila kiima ndicho kimepotea.

Kipimo ni hiki. Chukua kiima cha sentensi kuu, kiweke mbele ya patisipo, kisha igeuze patisipo iwe kitenzi kamili. "Data used a questionnaire." "It analysed the data." Ukicheka, rekebisha. Na kuna za kuchekesha kweli: "Having died of Newcastle disease, the farmers buried the chickens." Hapo waliokufa kwa mdondo ni wafugaji, na bado wameamka kuzika kuku.

Sasa, kwa nini majarida yanaipitisha "using"? Kwa sababu neno hilo limezoeleka kiasi kwamba katika maelezo ya mbinu linafanya kazi ya kihusishi, kama "kwa" yetu. Wenzake ni "considering", "regarding", "concerning", "following", "including", "depending on" na "given". Wahariri wengi pia huiacha "assuming" pale mwandishi anapoonyesha hesabu yake: "Assuming a response rate of 80%, 150 questionnaires were needed to obtain 120 responses." Hakuna atakayedhani hojaji ndizo zilizokadiria. "Based on" ndiyo yenye ugomvi. Wapo wahariri wanaoikata kila wanapoiona mwanzoni mwa sentensi, na ukiandika "On the basis of these results" umewaziba midomo kwa bei rahisi.

Njia za kurekebisha ni kadhaa, na hazina uzito sawa. Iliyo nyepesi kuliko zote ni kuipeleka "using" mwisho: "Data were collected from 120 farmers using a structured questionnaire." Pale mwisho haimgusi mtu, ingawa angalia isije ikasomeka kwamba wakulima ndio waliokuwa na hojaji. Wasiwasi huo ukikupata, andika "by means of" au "with". Njia ya pili, tunayoipenda zaidi, ni kumrudisha mtendaji: "Using a structured questionnaire, we collected data from 120 farmers." Ya tatu ni kukipa kishazi kiima chake: "After the data had been analysed, it was found that..." Hii ni sahihi lakini nzito. Ya nne ni kugeuza kitenzi kuwa nomino na kuiweka kazini: "Analysis of the data showed that most farmers had no access to credit." Kwa sentensi yako ya pili, chukua hii. "It was found that" ilikuwa imejaza nafasi tu.

Kuna njia ya tano ambayo wanafunzi huisahau: patisipo na kiima vyote viwe upande wa kutendwa. "Having been translated into Swahili, the questionnaire was tested on 15 farmers." Hojaji ndiyo iliyotafsiriwa, na hojaji ndiyo iliyojaribiwa. Hakuna kinachoning'inia.

Mzizi wa tatizo, kwa maoni yetu, si sarufi. Ni ile amri ya kwamba tasnifu isiwe na "I" wala "we". Mtafiti akifukuzwa kwenye sentensi, vitendo vyake hubaki yatima, navyo hudandia kiima chochote kilicho karibu. Mtindo wa APA, yaani mwongozo wa uandishi wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, unaruhusu nafsi ya kwanza, na hata unaipendekeza pale unapoeleza ulichofanya mwenyewe. Ikiwa idara yako inaikataza, tumia "the researcher" kwa kiasi, au njia ya nne.

Huwa nawafundisha wanafunzi wangu kwamba -ing ni sawa na -ki- ya Kiswahili. "Akitembea aliimba", "Walking, he sang". Nimeanza kupata mashaka. Je, nawapotosha?
*Mwalimu wa sekondari, Bukoba*

Nusu. Mfano wako ni mzuri kwa sababu -ki- hapo ni ya usambamba: mambo mawili yanakwenda pamoja na mtendaji ni yule yule. Lakini -ki- ina kazi nyingine, ya masharti, na hiyo -ing ya kawaida haiibebi. "Ukichemsha maji, vijidudu hufa." Mwanafunzi akiifuata kanuni yako ataandika "Boiling the water, germs die", na vijidudu vitakuwa vimejipikia. Panapohitajika sharti, aandike "If" au "When" pamoja na kiima: "When water is boiled, germs die."

Kuna jambo la ndani zaidi, na hilo ndilo la kuwaonyesha ubaoni. Andika sentensi hii: "Ikiwa ndiyo zao kuu la biashara, wakulima wengi hulima kahawa." Waulize: nini ndiyo zao kuu? Watajibu kahawa bila kufikiri, ingawa kahawa imekuja mwisho. Wamejuaje? Ni ile i- ya "ikiwa". Wangekuwa wakulima, ingekuwa "wakiwa". Kitenzi chetu hutembea na kitambulisho shingoni, na ngeli inatuelekeza kwa mwenyewe hata akiwa mbali.

Kisha andika chini yake: "Being the main cash crop, many farmers grow coffee." "Being" haina i- wala wa-. Iko uchi. Kwa hiyo inamshika wa kwanza inayemkuta baada ya mkato, na wakulima wanageuka kuwa zao la biashara. Marekebisho ni mawili: kahawa ikae kwenye kiima, "Being the main cash crop, coffee is grown by many farmers", au, afadhali zaidi, "Because coffee is the main cash crop, many farmers grow it."

Wakishaliona hilo, "while" na "when" hazitawasumbua. "While conducting the interviews, the power went out" inasema umeme ndio uliokuwa ukihoji watu. "While we were conducting the interviews" inamaliza kesi.

Kwenye rasimu yangu niliandika "The problems occurred in the region were caused by drought." Programu ya kusahihisha Kiingereza inaipigia mstari, ila "The samples collected in the region were tested" inaiacha. Mimi naona zimefanana kabisa.
*Mtafiti, Eldoret*

Kwa Kiswahili zimefanana kabisa: "matatizo yaliyotokea", "sampuli zilizokusanywa". Kirejeshi kinaingia katikati ya kitenzi kwa namna ile ile, kitenzi kiwe cha kutenda au cha kutendwa. Kiingereza hakiko hivyo.

"The samples collected" ni kifupi cha "the samples that were collected". Umeangusha "that were", na -ed inayobaki ina maana ya kutendwa. Sasa jaribu kurudisha maneno hayo hayo kwenye sentensi ya kwanza: "the problems that were occurred". Haipo. "Occur" haina yambwa, kwa hiyo haiwezi kutendwa, na kisichotendwa hakina -ed ya kufupishia. Msomaji anaiona "occurred" kama kitenzi kikuu, anaendelea, halafu anajikwaa kwenye "were caused".

Vitenzi vinavyonasa watu wetu ni vilevile kila mara: occur, happen, exist, emerge, arise, arrive, die, remain, appear. Kwa hivyo andika "The problems that occurred in the region", au, kama jambo linaendelea au ni la kawaida, "problems occurring in the region". Usiandike "the patients died in the first week were excluded". Andika "patients who died".

Kuhusu -ing yenyewe, msiogope vitenzi mlivyoambiwa shuleni kwamba havichukui -ing. Ni kweli hatusemi "The sample is consisting of 120 households". Lakini "a sample consisting of 120 households" ni sahihi, sawa na "soil containing iron" na "land belonging to the village". Kilichokatazwa ni njeo ya kuendelea, na patisipo si njeo.

Na mkato uangalie. "The 40 farmers trained in 2019 harvested more" inawatenga hao 40 na wengine ambao hawakufunzwa mwaka huo. "The 40 farmers, trained in 2019, harvested more" inasema walikuwa 40 tu na wote walifunzwa. Kwenye jedwali la matokeo hizo ni habari mbili tofauti.

Mhakiki wa jarida amenirudishia makala akisema -ing za mwishoni mwa sentensi zangu "zinadai visababishi visivyothibitishwa". Mfano alioutaja: "Maize prices rose by 12%, causing farmers to plant more." Sarufi yake ina kosa gani?
*Mhadhiri, Nairobi*

Sarufi haina kosa, na ndiyo maana -ing hii ni ya hatari kuliko zile zinazochekesha. Ikija mwishoni baada ya mkato, kiima chake huweza kuwa tukio zima lililotangulia, na mara nyingi huleta matokeo: "The project drilled 6 boreholes, reducing the distance to water." Inasomeka vizuri na inaokoa maneno. Lakini tazama ilichopitisha kimyakimya: kwamba visima ndivyo vilivyopunguza mwendo. Kwa visima umbali unapimika. Kwa bei na mahindi, kama ulichonacho ni takwimu mbili zilizopanda kwa wakati mmoja, umetangaza kisababishi bila kukitolea ushahidi. Mhakiki yuko sahihi.

Sema ulichokiona tu: "Maize prices rose by 12%, and over the same period farmers planted more." Tafsiri yako ije katika sentensi yake yenyewe, na "may have". Kuongeza "thus" au "thereby" kabla ya -ing hakupunguzi dai. Kunalikaza.

Ndugu zake "suggesting", "indicating" na "showing" tunazikubali, mradi kilichotangulia kiwe ni ukweli unaoweza kuashiria kitu: "Only 14 of the 120 farmers used fertiliser, suggesting that cost remained a barrier." Hata hapa jiulize: kwa nini gharama, na si umbali wa duka? Kama hojaji haikuuliza, "suggesting" imebeba zaidi ya uzito wake. "Proving" iacheni.

Mkato ukidondoka, maana nayo inahama. "We interviewed farmers using mobile phones": simu ni ya nani? Ikiwa ni yako, "We interviewed farmers by mobile phone." Ikiwa ni yao, "We interviewed farmers who used mobile phones."

"After having collected" au "Having collected" au "After collecting"? Nimeziona zote.
*Mwanafunzi, Zanzibar*

"After having" inarudia jambo moja mara mbili. Si kosa, ni mzigo. Chagua moja: "After collecting the samples, we labelled them", au "Having collected the samples, we labelled them". Ya pili ina ladha ya "kwa kuwa sasa tumekwisha", na inafaa zaidi pale hatua ya kwanza inaporuhusu ya pili: "Having obtained consent, we began the interviews."

-ing tupu haifai kwa hatua iliyokwisha kabla ya nyingine kuanza. Kwenye ripoti za maabara tunakutana na "Adding 5 ml of acid, the mixture was heated." Hapo pana makosa mawili. Mchanganyiko umejiongezea tindikali wenyewe, na msomaji anayeirudia kazi yako hajui kama apashe moto huku akimimina au baada ya kumimina. Andika: "After 5 ml of acid had been added, the mixture was heated."

Na having isibandikwe nyuma ya nomino ili kuichagua: "the farmers having received loans were interviewed" haipiti. Tumia "who had received". Kukanusha: not hutangulia, "not having received", "not knowing".

Nimeambiwa "Compared to maize, the yield of sorghum was low" si sahihi. Kwa nini?
*Ofisa ugani, Morogoro*

Kilicholinganishwa na mahindi ni nini? Kiima ni "the yield", mavuno. Umelinganisha mavuno na mmea. "Compared with that of maize, the yield of sorghum was low", au kwa ufupi, "Sorghum yielded less than maize."

Najiandaa na IELTS. Nitumie vishazi hivi vingapi ili nipate alama za juu?
*Msomaji, Kigali*

Hakuna idadi. Katika mtihani huo wa Kiingereza, sarufi ni kigezo kimoja kati ya vinne vya sehemu ya kuandika, robo ya alama, na kinapima upana na usahihi kwa pamoja. Vishazi vitano vinavyoning'inia vinakushusha kuliko kutokuwa navyo. Katika kazi ya kwanza ya kuandika ya toleo la Academic, yenye maneno yasiyopungua 150, viwili au vitatu vilivyotulia vinatosha. Chati ndipo mahali pake: "The figure rose steadily, reaching 45% in 2015, before falling to 30%." Kiima ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, huwezi kupotea.

Jihadhari na "following by". Kahawa haifuati, inafuatwa: "Coffee was the largest export, followed by tea."

Kwa tasnifu kipimo chetu ni kingine. Aya ambayo sentensi tatu mfululizo zinaanza na -ing huchosha hata kama zote ni sahihi. Kabla ya kukabidhi, fungua kitafutio cha programu yako ya kuandikia na upitie neno moja moja: Using, Having, Being, Based, Compared, After, While, When, By. Kila unapotua, ruka hadi baada ya mkato, usome neno la kwanza, uulize kama ndilo lililotenda. Sura nzima huchukua chini ya saa moja, na sura ya mbinu ndiyo ya kuanza nayo.

Kuna namna ya kukipa kishazi cha -ing kiima chake bila kuandika "because" kila mara?
*Mfasiri, Muscat*

Ipo, kwa with: "With prices rising, many households cut back on meat." Anayepanda ni "prices", yuko hapo hapo, hakuna haja ya kuazima. Pia bila with, katika kugawa: "The farmers were divided into two groups, each receiving 10 kg of seed." Inafaa sana kuongezea takwimu mwishoni, "with 60% reporting no change". Isitumike kubeba hoja kuu. Kama hiyo 60% ndiyo matokeo yako makubwa, ipe sentensi yake: "Sixty per cent reported no change."